Mwaka Nilioambiwa Nimekula Ini

Wanja alinipigia simu nikiwa shambani Ruiri navuna viazi, mikono yote udongo, ikabidi niibane simu kwa bega. Akasema amestaafu hatimaye, anafanya sherehe ya shukrani nyumbani kwake Majimbo, kule Embu, na nisithubutu kukosa. Nikamwambia nitakuja. Kisha akashusha sauti, nikajua kuna jambo, maana Wanja si mtu wa kushusha sauti. "Na Mwalimu Nyaga atakuwepo," akasema. "Nisikufiche. Amezeeka, Gatwiri. Ana ugonjwa wa sukari. Tafadhali usije ukaanza." Nikamuuliza nianze nini. Akacheka, lakini kile kicheko cha mtu anayeomba. Tulipomaliza kuongea nikarudi kwa jembe langu, na nusu ya viazi vya mstari ule nikavitoboa.

Watu wananiambia nisamehe. Pasta ameniambia, binti yangu ameniambia, hata daktari wa presha aliniambia niachilie mambo ya zamani nilale vizuri. Mimi nalala vizuri sana. Nasamehe watu kila siku: mwenye ng'ombe aliyekula mahindi yangu, wanafunzi walionichora ubaoni nikiwa na pembe, marehemu mume wangu kwa mengi. Nyaga nimemweka kando. Kwa miaka thelathini na sita sijagusa ini, si nyumbani, si harusini, si kwenye mazishi, na mimi ni mtu ninayependa ini kuliko nyama yoyote. Mtu akikunyima kitu unachokipenda kwa miaka yote hiyo, si haki asamehewe tu kwa sababu nywele zake zimekuwa nyeupe.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na shule moja ya wasichana pale Embu ikanichukua nisaidie kwenye maabara: kuosha vyombo, kupanga dawa, kulisha sungura, kufuta ubao. Nilichotaka kilikuwa barua. Ukitaka kuingia chuo cha mafunzo ya maabara wakati huo, ulihitaji barua ya mwalimu wa sayansi iliyogongwa muhuri wa shule, ikisema umefanya kazi na unafaa. Nyaga alikuwa ndiye mkuu wa bayolojia. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Fanya mwaka mmoja bila maneno, barua nitakuandikia mwenyewe." Nikafanya bila maneno. Usiku na mchana niliwaza barua hiyo, hata nilikuwa najua nitaiweka wapi: ndani ya Biblia, katikati, isije ikakunjika.

Nilikaa Majimbo, chumba kimoja cha mbao na mabati, pamoja na Wanja aliyekuwa karani wa shule hiyo hiyo. Yeye alikuwa wa Embu, mimi nimetoka upande wa Laare, kwa Wameru, na wiki ya kwanza tulielewana kwa Kiswahili cha shule kama watu wanaosomeana barua. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha, changu kando ya jiko la mafuta ya taa, na katikati pazia la shuka lenye maua ambalo hatukuwahi kulifunga. Jumapili tulichemsha githeri, mahindi na maharagwe ya siku nne. Ikifika Jumanne tunaikaanga na kitunguu, Jumatano tunaiponda na kuiita jina lingine. Wanja alikuwa akirudi na habari zote za ofisini kabla hajavua viatu. "Leo mwalimu mkuu amenisomea barua mara nne," anasema, "mara nne, Gatwiri, na alikuwa ameshika karatasi juu chini." Tulicheka mpaka jirani anagonga ukuta. Sijawahi tena kuishi na mtu nikacheka hivyo.

Maabara yenyewe ilitenganishwa na chumba cha walimu kwa ubao mwembamba tu. Mlango ulikuwa na funguo mbili, mmoja wangu na mmoja wa Nyaga. Kumbuka hizo funguo. Upande wangu kulikuwa na harufu ya gesi na ya chura aliyekaa kwenye chupa tangu kabla ya uhuru, au ndivyo alivyoonekana; upande wao kulikuwa na harufu ya chai ya maziwa na mandazi, na kila neno walilosema nililisikia. Nyaga alikuwa mfupi, nadhifu, suruali yenye mstari uliopigwa pasi vizuri, na muguka wake, yale majani ya kutafuna ya Embu, aliuficha ndani ya sanduku la chaki. Wanaotafuna wanajua majani yale ni machungu, lazima yaliwe na kitu kitamu. Kwetu wenye miraa hutafuna na chingamu au njugu. Nyaga alitafuna na peremende zile ngumu za rangi nyekundu. Anaweka jani, anaweka peremende, anaigeuza shavuni, anaitoa kwa kidole gumba na cha pili kuitazama imebaki kiasi gani, anairudisha. Shavu lilikuwa limevimba daima upande wa kushoto, na wasichana walimwita Mwalimu Jipu.

Muhula wa kwanza alikuwa akifundisha kidato cha tatu, nami nimesimama nyuma na kitambaa changu. Akasema mtu akishakula, sukari inajaa kwenye damu, na ini linachukua ile iliyozidi na kuiweka akiba. Akaandika ubaoni, akafuta, akaendelea na figo. Mimi nikabaki kwenye ini. Kengele ilipolia nikamfuata. "Mwalimu, ini likishaweka hiyo akiba, linajuaje wakati wa kuitoa? Nani analiambia?" Akanitazama kama mtu aliyesikia kiti kikiongea. "Gatwiri," akasema, "wewe osha tyubu."

Basi nikaosha tyubu, na nikaenda bucha. Nilinunua ini la mbuzi la asubuhi hiyo, bado lina joto, nikalikatakata vipande vyembamba na kuviosha kwa maji ya mfereji mpaka mkono ukafa ganzi. Kuna dawa ya buluu ambayo ukiichanganya na maji na kuichemsha hubaki buluu. Kukiwa na sukari inageuka kijani, njano, rangi ya chungwa, na sukari ikiwa nyingi inakuwa nyekundu kama tofali. Nikaosha ini mpaka maji yake yakabaki buluu kabisa. Hakuna sukari iliyobaki. Halafu nikaliacha kwenye beseni la enameli lenye maji safi kidogo, nikalifunika na sahani, nikaenda zangu nyumbani. Asubuhi nikapima yale maji tena. Yakawa ya rangi ya chungwa! Wee! Nilikaa chini kwenye sakafu. Hakuna mtu aliyeliwekea ini lile sukari. Mbuzi alikuwa amekufa tangu jana, ini limekatwa, limeoshwa, na bado lilikuwa linavunja akiba yake na kutoa sukari, kana kwamba mbuzi yuko mahali anasubiri kulishwa.

Nilirudia mara saba, kila mara nikiandika kwenye daftari la kurasa tisini na sita lenye jalada la kijani. Vitabu vya maktaba vikanipa mengine. Seli haina ulimi. Haionji sukari, inaijua kwa kuichoma. Kwenye kongosho, kile kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, kuna seli ambazo sukari inaingia ndani yake kwa wingi uleule iliopo kwenye damu. Ikiingia nyingi, inachomwa nyingi, nguvu inazidi ndani ya seli, na huo uzidi wa nguvu ndio habari yenyewe: seli inafungua vifuko vyake na kumwaga insulini. Insulini ndiyo inayopita mwilini ikiiambia misuli ifungue milango, na ikiliambia ini liache kutoa, lianze kuweka. Damu ikipungukiwa sukari, insulini inanyamaza, mjumbe mwingine anatumwa, na ini linafungua ghala. Niliwaza sana ini lisilosikia huyo mjumbe wa shibe. Litaendelea kumwaga sukari katikati ya sukari, likidhani mwenyewe ana njaa. Nikaandika hivyo kwenye ukurasa wa sitini na moja, nikapiga mstari chini yake. Tangu wakati huo nimefundisha bayolojia miaka ishirini na minne, na sijawahi kuiandika vizuri kuliko pale.

Nikamwonyesha Nyaga. Kosa langu ndilo hilo. Alifungua daftari kurasa tano za mwanzo, akaacha kugeuza peremende. "Hii umefanya wewe?" Tukafanya pamoja mbele yake. Maji ya ini yakawa ya chungwa, sawa, lakini na tyubu ya pili, ile ya maji matupu ya mfereji ambayo ilipaswa kubaki buluu, nayo ikawa njano. Nilihangaika siku mbili. Nilibadilisha maji, nikabadilisha dawa, nikachemsha vyombo. Ndipo nikamtazama vizuri. Nyaga alikuwa na tabia ya kuziba mdomo wa tyubu kwa kidole gumba na kuitikisa. Kidole kile kile cha peremende! Nilipotikisa mwenyewe, na mkono niliouosha, maji yakabaki buluu. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikaandika kwenye daftari, ukurasa wa sabini: mwalimu anawe mikono kwanza. Nilipanga kumwambia kwa adabu.

Kisha nikasikia kupitia ubao. Wakaguzi walikuwa wanakuja kuchagua mwalimu wa sayansi wa kupandishwa cheo, na kila mmoja aandae jambo moja la kuonyesha. "Mimi nina jambo la ini," Nyaga alikuwa akisema, chai ikimwagwa vikombeni. "Nimelifikiria miezi." Mwalimu mmoja akauliza, "Na huyo msichana Mmeru si ndiye nimeona na beseni?" Nyaga akacheka. "Huyo ni wa kubeba." Jioni nikakuta daftari langu mezani kwake. Alikuwa amebandika karatasi nyeupe juu ya jina langu na kuandika lake kwa wino mwekundu. Nilisimama pale mpaka miguu ikauma. Sikulia. Nikaamua jambo moja tu, na hili nalisema wazi kwa sababu ndilo sehemu yangu ya lawama: nikaamua sitamwambia habari ya kidole.

Siku ya wakaguzi nilikuwa nimeacha ini zuri kwenye beseni tangu jana yake, limeoshwa, limefunikwa, mlango nimefunga. Asubuhi beseni halikuwa na kitu ila maji. Hata damu haikuwepo. Nikamkimbilia Nyaga nje ya chumba cha walimu. "Mwalimu, ini halipo." Hakushtuka, na hapo nikajua. "Usijali," akasema, "nimeweka glukosi kidogo kwenye maji. Wataona rangi tu, hao wanajua nini?" Shavu lilikuwa limevimba. Wakati wakaguzi wanapanga viti alitoa peremende, akaitazama, akairudisha, akajifuta kidole kwenye suruali. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na beseni la maji ya kunawa mkononi mwangu, kazi yangu ikiwa kumpa. Nikalirudisha chini ya meza.

Akaeleza maneno yangu. Kila sentensi ilikuwa yangu, hata ile ya seli haina ulimi, nao wakatikisa vichwa. Akaziba tyubu ya ini kwa kidole, akatikisa. Akaziba ya maji matupu, akatikisa. Akachemsha. Zote mbili zikageuka, na ile ya maji matupu ndiyo ilitangulia. Mama mmoja mkaguzi mwenye miwani akaisogelea. "Mwalimu, hata mfereji wenu una ini?" Watu wakacheka. "Hebu tulione hilo ini lenyewe." Nyaga akafunua beseni mbele yao, macho yakamtoka kana kwamba ndiyo kwanza anaona, akageuka na kuninyooshea kile kidole chenye kunata. "Gatwiri! Umekula ini? Yaani umekula jaribio la shule, halafu ukaniwekea maji ya sukari nisijue?"

Nikasema, "Funguo ni mbili." Nani alisikia? Walimu walikuwa wanacheka, machozi yanawatoka. "Wameru na nyama jamani!" mmoja akasema. Kufikia saa nane shule nzima ilikuwa inaniita Maini. Mwalimu mkuu hakuniuliza swali hata moja; alimwita Wanja, akamsomea barua ya kunifukuza, na Wanja akaipiga taipu. Alipokuja nyumbani jioni hakuwa na habari za kusimulia. Aliivua lesso yake, akasonga ugali, akaniwekea mbele, akasema, "Nilikosea herufi mara kumi na moja ndio wachoke waniambie niache. Hawakuchoka." Hiyo ndiyo barua ya pekee niliyopata pale, na muhuri ilikuwa nao.

Nilijiuliza sana kama ningempa yale maji anawe ingekuwaje. Angepandishwa cheo kwa kazi yangu, mimi ningepata barua yangu. Labda. Kunyamaza kwangu kulimwaibisha dakika tano na kukanigharimu miaka saba ya kuuza vitunguu Ruiri kabla sijapata mlango wa chuo cha ualimu. Ningerudishwa siku ile leo, beseni ningelirudisha chini ya meza tena.

Jumamosi ya sherehe nilivaa gauni langu la kijani. Wanja sasa ana nyumba ya mawe, hatua chache tu kutoka pale chumba chetu kilipokuwa, na alikuwa ameweka turubai uani, meza tatu ndefu, mukimo, njahi, kuku, na mbuzi wawili wakichomwa nyuma. Nusu ya watu walikuwa walimu wa zamani. Sijakaa, nikasikia sauti: "Wee! Si huyu ni Maini?" Miaka thelathini na sita! Nikamwamkia aliyesema, nikamuuliza hali ya watoto. Wanja akaniketisha, na kwa makusudi au kwa kukosa viti, mbele yangu alikuwa Nyaga. Amekonda. Mstari wa suruali bado upo. Shavu lilikuwa tambarare. Alinipa mkono, nikautazama kidole gumba, nikaushika.

Alikuwa mpole, na upole wake ukaniudhi kuliko chochote. Alikula njahi kijiko kwa kijiko. Halafu akainama kwangu. "Mwalimu Gatwiri, nimesikia ulifundisha bayolojia. Nikuulize kitu, hawa madaktari wanaongea haraka. Mimi nalala bila kula. Maji tu. Kabla ya kulala napima, ni saba. Naamka nikipima, ni kumi na mbili. Mke wangu anasema naamka kuiba chakula. Watoto wananicheka, wanafunga kabati. Na haki ya Mungu sijakula kitu. Hiyo sukari inatoka wapi?"

Nyumba nzima inamwambia amekula, na hajakula. Sikupanga hivyo mimi. "Jibu unalo," nikamwambia. "Uliwahi kulieleza mbele ya wakaguzi."

Hakuelewa. Niliona kabisa hakuelewa, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuwahi kufika ukurasa wa sitini na moja. Aliiba daftari na hakulisoma. Nikaweka kijiko chini. "Nitakueleza, na nitamwelezea mama wa nyumbani kwako kwa simu hapa hapa, wafungue kabati. Lakini kwanza, lile ini lilikwenda wapi?"

Wanja, aliyekuwa akipita na sahani, akasimama. Nyaga akatazama mezani. Kisha akasema chini chini, "Tulilichoma jioni ile. Mimi na dereva wa shule. Nilijua glukosi itatosha."

"Hao wa meza ya nyuma hawajasikia."

"Gatwiri, tafadhali," akasema.

"Mwalimu, mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilisikika shule nzima. Simama."

Akasimama, ameshika meza. Mazungumzo yakapungua, maana mzee akisimama kwenye sherehe watu hudhani anaanza maombi. Akasema kwamba yule msichana wa maabara hakula ini. Kwamba alilila yeye. Kwamba lile jaribio nalo halikuwa lake. Yule aliyeniita Maini akajishughulisha na mfupa. Kisha Nyaga akakaa, jasho limemtoka, nami nikamweleza, kwa sauti ile ile ninayotumia darasani. "Ni ini lako. Halisikii insulini vizuri. Usiku kucha linadhani una njaa, linafungua ghala. Hujaiba chakula. Mwambie daktari hivyo, ziko dawa za kulituliza." Nikachukua simu yake nikamweleza mkewe pia. Nilisikia mama wa watu akisema, "Kumbe! Na vile nimemtukana." Nyaga alifuta macho kwa kitambaa. Akaniuliza kama yameisha. Nikamwambia hapana.

Wanja akarudi kutoka kwa moto na sinia. Juu yake kulikuwa na ini la mbuzi, limechomwa, limekatwa vipande, chumvi tu. Alilipitisha mbele ya kila mtu kama kawaida, na alipofika kwangu alitaka kupita haraka, maana anajua. Nikamshika mkono. Nilichukua kipande kikubwa, nikakila chote polepole, macho yangu kwa Nyaga, na meza zote tatu zikinitazama. Wanja akaniuliza kama aniongeze. Nikamwambia aache sinia hapo.